Pole za Nyamizi

Kwenye Hiace ya kutoka Maganzo kwenda Shinyanga, nyuma ya kiti changu, mama mmoja aliyepakata chupa ya uji alikuwa akizungumza na fundi viatu waliyekutana naye humo garini.

“Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa mama lishe wa kando ya barabara,” alisema. “Halmashauri ilipopiga marufuku biashara pale, nikawashawishi wenzangu tuhamie soko jipya. Wateja hawakutufuata. Nyamizi akaanza kutembeza uji machimboni, akatumbukia kwenye shimo la zamani. Wamemkata mguu.”

“Pole sana, mama. Lakini pale barabarani malori yalishagonga watu. Sheria ile ilikuwa na maana.”

“Ilikuwa nayo, baba. Hata mimi niliwaambia hivyo hivyo.”

Fundi, ambaye kwa maelezo yake bado anashonea viatu barazani kwa mtu, si sokoni, akasema soko litachangamka tu, walipatie muda.

Gari liliposimama Kolandoto, alishuka aelekee hospitali. Fundi akampitishia chupa dirishani.

“Mfikishie Nyamizi pole zangu.”

“Nitamfikishia,” akasema. “Zako atazipokea.”