Mshahara Uliopanda Redioni

MAMA: Haloo! Nani mwenzangu?

PHALLA: Mimi Phalla, Mama. Shikamoo.

MAMA: Marahaba, mwanangu! Ongea kwa nguvu, mtandao wa huku kijijini unakwaruza.

PHALLA: Nimeona ujumbe wako. Chanthy yuko hapo? Nipe niongee naye—

MAMA: Kaondoka asubuhi na gari la abiria la Vuthy. Jioni mpokee hapo Phnom Penh, kesho mpeleke kiwandani kwenu. Nimempa kitambulisho cha binamu yake mkubwa.

PHALLA: Mama! Mdogo wangu ana miaka kumi na tano! Na shule?

MAMA: Shule tutakula? Redio imesema mishahara ya viwandani imepanda. Mwenyekiti naye kapita na kipaza sauti: uchumi unakua, nchi inanawiri. Kijiji kizima kinanipa hongera! Nami nangoja, wala hutumi kitu.

PHALLA: Imepanda kweli, lakini—

MAMA: Lakini nini? Umepata mwanaume?

PHALLA: (anacheka kidogo) Wa kumlisha nini? Mama, siku ileile ilipotangazwa, mwenye nyumba alipita mlango kwa mlango kupandisha kodi. Muuza mchele naye kapandisha. Wa mayai naye. Kila mtu ana redio.

MAMA: Lo! Watu hawa!

PHALLA: Na kiwandani wamefuta saa za ziada. Mashati tuliyokuwa tukiyamalizia usiku, sasa wanayataka kabla ya kengele ya jioni.

MAMA: Si ndiyo maana nakuletea mwenzako? Mtagawana kodi.

PHALLA: Tutagawana njaa.

MAMA: Usinijibu hivyo! Unadhani huku tunakula nyama? Wali na chumvi, kila siku ya—

PHALLA: Samahani, Mama. Sikia—

(simu inakwaruza)

MAMA: Haloo? Haloo? Nani huyo anaita majina ya watu hapo? Na mchana huu si uko kazini?

PHALLA: Tumepewa mapumziko.

MAMA: Mapumziko, Jumanne? Phalla.

PHALLA: Abee.

MAMA: Uko wapi?

PHALLA: Kliniki. Usiogope. Alianza Sreymom, anayeshona pembeni yangu, akaangukia mashine yake. Nikainuka nimshike, nami nikaenda chini. Wanasema mstari mzima tulianguka.

MAMA: Ulikuwa umekula?

PHALLA: Lini?

MAMA: (anahesabu saa kwa vidole)

PHALLA: Mama? Daktari anasema ni joto tu. Upo? Salio linaniishia—

MAMA: Vuthy husimamisha gari Neak Loeung, pale darajani, abiria wapate chakula.

PHALLA: Ndiyo. Kwa nini?

MAMA: Kata simu.

PHALLA: Umenikasirikia?

MAMA: Kata, Phalla! Nimpigie amshushe mtoto kabla hajavuka daraja.

PHALLA: Lakini huko nyumbani mtakula ni—

MAMA: Kata!