Siku Miguu Yangu Ilipoacha Kuwaka

Bwana apewe sifa, ndugu zangu wa Somanda! Mwangaluka! Mwaka jana, wakati wa kuvuna pamba, nilisimama hapa hapa nikawaambia nimepona miguu. Mkapiga vigelegele. Leo nimerudi kuurekebisha ushuhuda ule, na moyo wangu ni mzito.

Mnakumbuka nilivyoteseka. Miguu iliwaka moto, nikawa nalala nimeitumbukiza kwenye beseni la maji. Majirani walisema nimekanyaga dawa iliyotegwa shambani. Nikakataa kwenda kwa mganga, nikafunga, nanyi mkafunga pamoja nami. Kliniki walishaniambia nina kisukari, lakini nani anakumbuka kisukari miguu ikiungua? Basi moto ule ukapungua, ukazima kabisa. Ningewaza nini kingine? Nikacheza peku mbele yenu. Wifi yangu Nkwimba, ambaye naye ana kisukari na miguu yake ilikuwa imeanza kuwaka, alicheza pembeni yangu. Wiki ile ile akaacha dawa zake, akisema Mungu wa wifi ndiye Mungu wake.

Ndugu zangu, miguu yangu ilikuwa imenyamaza tu! Jioni moja nasonga ugali, nikasikia harufu ya kuungua, nikadhani ni dagaa. Mume wangu ndiye aliyepiga kelele. Nilikuwa nimesimama juu ya kaa la moto, wala sikuhisi kitu.

Hospitali walinifunga kidonda, wakanituma Mwanza kupimwa mishipa ya fahamu. Daktari, mama wa makamo asiye na maneno mengi, alinibandika waya, akawa anapitisha umeme kidogo kidogo huku anatazama mashine. Mkononi nilishtuka, kidole kikaruka, na mstari kwenye kioo ukapanda kama kilima. Akahamia mguuni. Nikakaza meno nikingoja. Mstari umelala tu. Nikamuuliza ataanza saa ngapi.

"Nimeshaanza, mama," akasema.

Nilimsimulia jinsi nilivyopona. Hakunicheka. Alieleza kwamba sukari ilikuwa inakula mishipa. Ilipokuwa inawaka ilikuwa inalia, na ilipokufa ikanyamaza. Iliyokufa hairudi. Iliyobaki itatunzika nikishika dawa, nikavaa viatu na kuikagua miguu yangu kila siku. Nililia sana. Vidole viwili vya mguu ulioungua vimekatwa, na mnaniona ninavyochechemea.

Je, Mungu hakuniokoa? Ameniokoa! Mikono yangu bado inasikia moto, na ningeweza kupoteza mguu mzima. Mtumainini yeye, hajawahi kuniacha. Lakini inaniuma kwamba tulishangilia kabla ya kupima. Hakuna aliyemdanganya mwenzake. Tulitamani tu kupona, tukaona kimya, tukakiita uzima.

Sasa naomba niseme na mtu mmoja. Wifi Nkwimba, jana uliniambia miguu yako bado inakuwakia na unaona aibu kusema, kwa sababu mimi nilipona na wewe hukupona. Mshukuru Mungu, mayu. Yako bado inalia. Kesho asubuhi tunakwenda kliniki sote wawili, na wakikutuma Mwanza nitakaa nawe pembeni ya ile mashine.

Nanyi, ndugu zangu, mwombeeni wifi yangu. Ila miguu yake ikinyamaza kabla hajapimwa, nawasihi, msipige vigelegele.