Fundi Anakwenda kwa Wafalme Wafu

Benchi letu liko kwenye kona, kati ya kibanda cha cherehani na duka la vipuri, na lina sheria moja: anayesafiri hukaa katikati, kila mmoja wetu humpa onyo lake, naye hafungui kinywa mpaka tumalize. Jioni ile katikati alikaa Fundi, mshona nguo mwenye kibanda hicho. Kesho yake alikuwa apande ndege, mara ya kwanza maishani mwake, kwenda nchi ile kongwe anakofanya kazi binti yake wa pekee. Binti anafagia makumbusho ya mji mkuu, ukumbi wa wafalme waliokufa zamani. Alimtumia baba yake tiketi na picha za mahali atakapomtembeza: lango la mawe, ikulu ya kale, soko la chini ya mapaa, na huo ukumbi wenyewe. Simu ikazunguka benchi zima. Ilipofika kwangu nikaona mfalme kalala ndani ya kioo, kazungushiwa vitambaa mpaka kidevuni, meno nje. Nikairudisha upesi, sikuipenda kabisa.

Aliyeanza ni Kamusi, karani mstaafu ambaye asichokijua hukitunga.

— Fundi, ya kale ni dhahabu, na dhahabu haiachwi bila mlinzi. Unadhani kile kioo ni cha kumkinga mfalme na vumbi? Ni cha kutukinga sisi na yeye.

Nilijaribu kucheka, nikajikuta nacheka peke yangu.

Akapokea Breki, dereva wa lori, ambaye jina lake na mdomo wake havijawahi kukutana. Kwa maelezo yake, mji ule wote umekaa juu ya makaburi. Ukinunua nyanya sokoni, chini ya miguu yako kuna ngazi, na chini ya ngazi kuna ngazi nyingine. Wageni wakishushwa huko hutembea kwa mstari, taa iko mbele kwa kiongozi, na wa mwisho anatembea gizani.

— Ukiwa wa mwisho, geuka utazame nyuma yako. Au hapana, usigeuke. Yote mabaya tu.

Shangazi, mwenye kahawa, alikuwa anamimina. Hakuinua hata macho.

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji anapona, sawa. Na ule ugonjwa unakwenda wapi? Unakwenda kwa mgeni.

Tangu utotoni tunajua methali ile haina maana hiyo. Lakini kwa jinsi alivyoisema, taratibu, hakuna aliyethubutu kumsahihisha. Mimi shingo ilikuwa imeingia ubaridi, na jua bado halijazama. Fundi, kikombe mkononi, akaitazama tena ile picha kwenye simu.

Zamu yangu ikafika. Ningeweza kumwambia abebe sweta.

— Usiviguse vile vitambaa. Wewe mshonaji, mkono utakuwasha kupapasa mshono. Kikulacho ki nguoni mwako, Fundi.

Hapo akaweka kikombe chini na kuivunja sheria.

— Siendi. Nitampigia leo hii nimwambie mgongo umenibana.

Hakuna aliyemkataza. Kamusi akampigapiga begani, Breki akamwambia binti ataelewa tu, na Shangazi akamwongezea kahawa bila kuombwa. Kwa kweli tulijiona tumeokoa roho ya mtu.

Muda wote huo mama mmoja tusiyemfahamu alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda na gauni la kupunguzwa mkononi, akingoja Fundi anyanyuke.

— Samahani, ndugu zangu. Huyo binti anafagia humo humo mnamosema?

— Humo humo, — akajibu Breki. — Asubuhi, kabla wageni hawajafunguliwa mlango.

— Na nani?

— Peke yake, — akasema Fundi.

— Sasa mtoto wa watu, akishikwa na hofu humo ndani, humkimbilia nani?

Miaka mitatu tumekuwa tukimpelekea salamu yule mtoto, tukimhimiza atume picha zaidi, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza hilo. Hofu yetu haikuondoka. Ilizidi, ila sasa haikuwa tena kwa ajili ya Fundi bali ya binti yake, na niliona aibu.

Fundi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo:

— Aliniambia huwa anaimba akifagia. Nikadhani ni furaha.

Akasimama. Akamgeukia yule mama.

— Dada, gauni lako litasubiri mpaka nirudi.