Mwangaza Uliofungiwa Sandukuni: Maisha ya Mama Germaine Asumini

Ndugu zetu, wakristo na waislamu, mulioacha kazi kuja kutusindikiza: tunayemulaza leo ni mudogo wangu. Mimi yaya wake Zawadi, dada yake mukubwa, njo ninasoma, kwa sababu nilikuwa pale alipozaliwa, na nilikuwa pale alipokata roho.

Mama Germaine Asumini alizaliwa Kalima, tarehe 14 Machi 1969, mutoto wa nne wa baba Djuma, muchimba bati, na mama Atosha. Mwili ulikuwa mudogo, mudomo mukubwa.

Alisoma primeri pale Kalima. Alichapwa mara moja tu, kwa kumwambia mwalimu kwamba hesabu yake ya ubaoni iko na kosa. Na kosa lilikuwako. Mwaka 1985 alikuja Kindu kusoma uganga wa hospitali, akapata diplome mwaka 1990, na mwaka ule ule akaanza kuzalisha wamama ku kituo cha afya ng'ambo ya muto, Alunguli.

Tarehe 12 Septemba 1992 aliolewa na Jules, fundi wa gari la moshi. Mbele ya harusi alimwambia: "Nikiitwa kuzalisha, ninaenda. Ukitaka kukasirika, kasirika ukipika." Jules alicheka, akapika. Amepika miaka thelathini na mitatu.

Mwaka 2002, vita ilipozunguka muji, gari la moshi halikuja tena na ku shamba hakuna aliyefika. Siku moja askari wa barieri ya barabara akamunyanganya tochi yake. Germaine akamufuata nyuma: "Baba, hii tochi si yangu. Iko ya mutoto anayezaliwa. Kuja basi, umwambie wewe mwenyewe angoje." Askari akarudisha tochi, akabakisha majiwe yake ya betri. Germaine akaokota majiwe ya zamani, akayaanika ku jua, na mutoto akazaliwa kwa mwangaza mwekundu kama kaa la moto. Mutoto yule njo Jeanne, muganga, huyu anayelia hapa mbele yenu.

Sasa musikilize vizuri, kwa sababu hapa njo hasira yangu ilipo.

Mwaka 2022 Germaine alipelekwa Kisangani majuma matatu kujifunza mashini mupya ya kutafuta kansere ya mulango wa kizazi. Haikati, haichomi. Ni kijiti kinachotoa mwangaza. Unakisogeza ndani, mwangaza unagusa nyama na kurudi, na mashini inasoma vile ulivyorudi. Nyama nzima inarudisha hivi, nyama iliyoanza kuharibika inarudisha vingine, hata kama jicho la muganga halioni kitu. Anayeonekana na alama mbaya anapimwa tena kwa dokta, na anatibiwa mapema, mbele ugonjwa haujakomaa.

Mashini ilifika Kindu tarehe 9 Januari 2023. Wakubwa wa biro ya afya wakaifungia sandukuni, wakabandika karatasi yenye muhuri. Kwa nini? Kwa sababu haikuwa imekabiziwa! Lazima delege, wajumbe wa serikali, itoke Kinshasa, utepe ukatwe, picha ipigwe. Germaine alienda kuuliza. Mukubwa akamwambia: "Mama Germaine, vumilia. Delege ikuye kwanza."

Akajibu: "Na kansere, nayo inangoja delege?"

Miezi kumi na minne! Tuliwashonea wajumbe hao hata kitambaa cha sherehe.

Mwezi wa tatu mwaka ule wa 2023 tulikuwa tunatwanga majani ya sombe, akaniambia damu imemurudia, na alikuwa amekwisha kukoma kuona mwezi miaka mitatu. Mimi nikacheka. Nikamwambia: "Mudogo, ujana umerudi, Jules afurahi." Akaniangalia. "Yaya, ujana hauna harufu hii." Alijua. Alienda kwa dokta; dokta akamwangalia kwa macho tu, akasema haoni kitu, angoje mashini. Na mashini ilikuwa hapa hapa Kindu, ndani ya sanduku, mwendo wa dakika kumi kwa miguu.

Tarehe 20 Machi 2024 utepe ukakatwa. Kesho yake Jeanne, aliyekuwa amejifunza mashini Kisangani yeye pia, akamupima Germaine wa kwanza. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kutoka mahali pake na kusambaa mwilini. Alitibiwa Kinshasa, akarudi, na kila siku alipoweza kusimama alipima wengine: wanawake mia tatu na kumi na wawili. Ishirini na mmoja walikutwa na mwanzo wa ugonjwa, wakatibiwa. Wengine wako hapa, wanajijua.

Alikufa nyumbani, siku ya posho, jumamosi, tarehe 11 Oktoba 2025, saa kumi ya mchana, mukono wake ndani ya mukono wa Jules. Ufunguo wa sanduku la mashini, uliobaki kwake tangu siku ya utepe, alinipa mimi.

Jana mukubwa wa biro alikuja ku kilio. Akatoa pole, akanywa chai, alafu akauliza ufunguo. Anataka kufunga sanduku mupaka delege ingine ikuye kuchagua muganga mupya. Nilimwambia atapata jibu ku kaburi. Jibu njo hili. Jeanne, mutoto wetu, kuja. Shika. Alikufundisha mwenyewe, na karatasi yako ya Kisangani unayo.

Germaine aliniomba mara tatu nikapimwe. Mara tatu nilikataa. Nilisema mimi mutu muzima, sifungulii watoto miguu. Kesho saa mbili ya asubuhi nitakuwa ku mulango wa kituo, wa kwanza. Wamama, musiniache peke yangu pale. Na wewe mukubwa, ukitaka kuleta utepe, leta. Tutaukata tukiwa tumekwisha kupimwa.

Marehemu anaacha mume wake Jules, watoto wawili, Roger na Nuru, wajukuu watano, yaya wake Zawadi, na watoto wote aliowapokea kwa mikono yake, ambao hatukuweza kuwahesabu.

Germaine, mudogo wangu, pumzika sasa. Mungu akulaze pazuri. Sanduku la mwangaza liko wazi.