Simu kutoka Gori

Warusi waliupiga mabomu mji wa Gori, Georgia, Jumamosi ile ya Agosti 2008, na tangu hapo binti yake Theophil hapokei simu. Theophil alisomea uhandisi huko Georgia enzi za Wasovieti, akamwacha mtoto huko na mama yake. Alimweleza hayo Cyrus, Mkenya aliyeketi naye kwenye basi la kutoka Brooklyn Center kwenda Minneapolis, Marekani, akitegemea pole. Pole haikuja.

"Lakini mzee, si ni Georgia ilianza? Na si hao Warusi ndio walimmaliza Hitler? Bila wao Ulaya ingekuwa imekwisha."

"Walimmaliza, kisha wakakalia nusu ya Ulaya miaka arobaini na ushei. Mgeni gani huyo hapewi jembe? Kwenu wapi, kijana?"

"Eldoret."

"Januari, nyumba zilipochomwa kwenu baada ya uchaguzi, ulitaka kuulizwa nani alianza?"

Cyrus akageukia dirisha. Dirisha halibishi.

Simu ya Theophil ikalia; alikuwa binti yake. Theophil aliongea Kirusi, maana yeye na binti yake hawana lugha nyingine ya kuelewana. Basi liliposimama Minneapolis watu walishuka, yeye akabaki ameketi.

"Yuko hai," alimwambia Cyrus. "Mumewe amekufa. Mama yake amekufa. Nyumba haipo."