Meza Aliyoandaliwa Fundi Lenzi

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja fundi, aliyejulikana kwa jina la Fundi Lenzi. Ametutoka akiwa na miaka sitini na minne, na Jumanne tumemzika. Fundi Lenzi alitengeneza vifaa vya masikio, vile vidogo wanavyovaa watu wasiosikia vizuri. Nasema tena: vifaa vya masikio. Humo ndani mna nyaya nyembamba kama unywele, na kazi yake ilikuwa kuzilehemu, yaani kuziunga kwa lehemu ya moto bila kuunguza cha jirani.

Nawaambia mapema, leo nina hasira. Mtanivumilia.

Jina la Lenzi alipewa na wanafunzi wake. Mtu akija kujifunza, hakumpa pasi ya kulehemu. Alimpa kwanza kioo cha kukuzia. Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la madaftari, na vioo vilikuwepo vya kila namna: miwani ya kukuza ya kufunga kichwani, kioo cha duara chenye mkono wa chuma, na hadubini ya macho mawili iliyofunikwa kitambaa. Mwanafunzi hukimbilia hadubini. Kila mmoja! Naye humuuliza, "Mwanangu, unataka kukitengeneza hiki kifaa au kukihesabia vinyweleo?"

Kisha humkalisha. Kiwiko mezani, shingo wima, pasi mkononi. Sharti lake lilikuwa moja: kati ya kioo na kazi, ngumi mbili zipite. Kioo kinachokuza mno kinataka ukisogelee mno. Pasi inakosa pa kupita, moshi unakipanda, na shingo ikikakamaa utamlaumu nani? "Chagua kinachokuonyesha lehemu iking'aa, basi," alikuwa akisema. "Zaidi ya hapo ni umbea."

Sasa tuje kwa wifi yake, mke wa kaka yake. Walijifunza kazi pamoja, wakakaa kwenye meza mbili zinazotazamana kwa miaka kumi na tisa. Binti wa Fundi Lenzi aliniambia, "Mama na wifi yake walikuwa wanavaliana hata ndara. Ukimwona mmoja peke yake, unauliza kuna nini." Chanda na pete, wasikilizaji wapendwa.

Fundi Lenzi alipofika miaka hamsini na saba, jicho lake la kushoto liliingia ukungu. Mwaka haukuisha, likazima kabisa. Na mtu wa jicho moja hapimi kirahisi kama kitu kiko mbali au karibu. Jaribu hapo ulipo: funga jicho moja, utunge uzi kwenye sindano. Umeona? Sasa yeye angejuaje kama ncha ya pasi imegusa waya, au bado inaelea juu yake?

Alipata njia. Hadubini akaiacha. Akachukua kile kioo chenye mkono wa chuma, akaweka taa ndogo pembeni, chini kabisa. Taa ya pembeni huangusha kivuli cha pasi. Ncha inashuka, kivuli nacho kinasogea. Vikikutana, imegusa. Kwa njia hiyo alifanya kazi miaka miwili, na hakuna kifaa kilichorudishwa. Narudia: hata kimoja.

Siri hiyo alimwambia mtu mmoja tu, wifi yake. Akamkalisha, akamwonyesha kivuli. "Wifi, nisitiri. Kliniki wakijua, kazi sina."

Wifi akamshika mkono. "Mimi tena? Siri yako nitazikwa nayo."

Hakuzikwa nayo. Aliyezikwa Jumanne ni mwingine.

Kazi zao zote zilitoka kliniki ya masikio. Kliniki ikataka fundi mmoja wa kudumu, atakayekaa palepale. Fundi Lenzi ndiye aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha. Wifi akaenda kwa msimamizi, uso umejaa huruma. Akasema macho ya mwenzake yamechoka, wamjaribu tu, kwa faida ya wagonjwa. Msimamizi akakubali: kifaa kimoja, nyaya tatu, mbele ya watu. Na wifi akaongeza maneno ambayo binti aliyasikia baadaye kutoka kwa msimamizi mwenyewe. "Meza niachieni niiandae mimi," alisema. "Najua anavyopenda."

Fundi Lenzi aliingia asubuhi, koti lake jeupe limenyooshwa vizuri. Akaiona meza. Kulikuwa na hadubini ya macho mawili. Na chini yake, taa ya duara, ile inayomulika kazi kutoka pande zote kwa pamoja. Taa ya duara haiangushi kivuli. Ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba kivuli ndicho kilichokuwa jicho lake la pili, na mtu huyo alikuwa amesimama mlangoni.

Akageuka, akamtazama. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Naomba taa ya pembeni."

Wifi akawahi kabla ya msimamizi. "Jamani wifi, fundi hachagui taa."

Yeye huyo! Aliyekaa miaka kumi na tisa akisikia wanafunzi wakifundishwa kuchagua!

Waya wa kwanza ulishika. Kwenye wa pili pasi ikagusa mapema, kifaa kikaungua, harufu ikajaa chumbani. Fundi Lenzi akazima pasi, akairudisha kwenye kishikio chake, akasema ahsanteni, akashuka ngazi. Jumatatu iliyofuata wifi alikalia kiti cha kliniki. Nilimuuliza kaka mtu, yeye alikuwa wapi? "Dada huku, mke huku," alinijibu. "Nikanyamaza." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sikujua kama nguo nayo hunyamaza.

Miaka minne Fundi Lenzi alikaa nyumbani. Hakulehemu tena. Mwezi uliopita, wifi akagonga mlango. Binti alikuwa anaosha vyombo, akamsikia akisema, "Wifi, jicho la kulia linaniacha. Nichagulie kioo."

Binti alitaka kumfukuza. Mama akasema, "Mwache akae."

Akamkalisha. Kiwiko mezani, shingo wima, ngumi mbili. Akajaribu kioo hiki na kile, akamchagulia kinachomfaa, akampangia na taa. Saa nzima, bila neno la kejeli. Wifi akaangua kilio. "Kumbe umenisamehe." Fundi Lenzi akamfungia kioo kwenye gazeti, akampa.

Mgeni alipoondoka, binti alimjia juu mama yake. Kwa nini umsaidie mtu kama yule? Mama akasema, "Kesho kuna mtoto atavaa kifaa kilichopita mikononi mwake. Mtoto huyo hajanikosea."

Wiki mbili baadaye Fundi Lenzi alilazwa hospitali, na huko moyo wake ukasimama.

Wasikilizaji wapendwa, wifi ametuandikia salamu za rambirambi, ukurasa mzima, tuwasomee leo. Ameandika kwamba marehemu alimsamehe kabla ya kuondoka. Nilikuwa nimeshauweka mbele yangu. Kisha binti akaja hapa studio na maneno ya mama yake, aliyomwachia hospitalini: "Asidanganye watu kwamba nimemsamehe. Nimemchagulia kioo, basi. Mwambieni redioni, maana mimi uso kwa uso nitamwonea huruma."

Binti, pole sana. Wajukuu, poleni. Kaka wa marehemu, pole, na safari nyingine usinyamaze. Nanyi mnaotusikiliza, kila mmoja wetu ameshikishwa siri ya mtu. Jiulizeni leo mmeifanyia nini.

Nawe wifi, najua umewasha redio hapo kliniki. Pole kwa msiba. Salamu zako hatutazisoma. Ziko mapokezi, kwenye bahasha. Pita uzichukue.