Mzee Longinus Ametoka Pangoni

Salamu za kwanza ziende Munanila, nyumbani kwa mstaafu wetu Mzee Longinus Bazilio, ambaye leo hayupo kwenye viti hivi vya kumuaga kwa sababu mguu umekataa safari. Mwakeye, kama tunavyosalimiana kwa Kiha, Mama Ernesta, mkewe. Je, kifua kimepungua? Salamu kwa Pasikali, mwanawe mkubwa, ambaye ndiye atakayembebea karatasi hii jioni. Salamu kwa mkwe wake Niyonkuru na mapacha wake, kwa shangazi asiyeona, na kwa majirani wote wanaomsogezea kiti juani. Huku Ruhamba sisi ni wazima, ila mvua imeanza na mimi usingizi sina.

Mzee Longinus amestaafu tarehe 31 Oktoba 2025, baada ya miaka thelathini na minne kwenye kituo chetu cha mambo ya kale. Mkuu wa kituo, Bwana Khatibu, alisema aandike yule aliyekaa naye muda mrefu. Huyo ni mimi, mpishi wenu, miaka ishirini na moja. Shule yangu iliishia darasa la nne, mtanivumilia.

Alianza mwaka 1991 akifyeka nyasi kwenye kuta za mawe za watu wa kale kule juu kilimani. Baadaye akapewa funguo za boma la Wajerumani, na mwisho pango lenyewe, akawa mwongoza wageni. Alieleza kwa Kiswahili, kwa Kiha, na kwa Kifaransa kidogo alichookota kwa Warundi. Mgeni mmoja alimuuliza boma lile lilijengwa na nani. Akajibu, "Walijenga babu zetu. Mjerumani alishika kiboko." Mgeni akaandika yote, hata kiboko.

Kulikuwa na miaka ya wageni wengi. Watu wa mashirika ya kambi ya wakimbizi ya Mtendeli walikuwa wanakuja Jumapili, napika mpaka masufuria hayatoshi. Kambi ilipofungwa, kitabu cha wageni kikawa kinakaa hata wiki mbili bila jina. Mzee Longinus alikifuta vumbi kila asubuhi hivyo hivyo, akakifungua na kuweka kalamu juu yake.

Kazi yake ilikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuacha hata siku moja. Mdomoni mwa pango aliweka bakuli la udongo. Kila anayeingia anatia punje moja ya maharage, na akitoka anaichukua mwenyewe, haitolewi na mtu mwingine. Bakuli likiwa tupu, pango ni tupu. Yeye alitia yake mwisho, punje nyeusi, ili aitoe mwisho. Walimu walimcheka, "Mzee, si uhesabu tu vichwa?" Akawaambia, "Vichwa vinatembea. Maharage hayatembei."

Sasa naandika jambo ambalo halimo kwenye faili lake. Bwana Khatibu amelisoma na amekubali libaki.

Novemba ya mwaka juzi walikuja wanafunzi thelathini na mmoja. Mpishi nikapanda na birika la chai, nikakuta bakulini mna maharage ya njano kama kiganja kimoja, yale yale ya gunia langu. Nikasema moyoni, hawa watoto wanachezea chakula. Mzee alikuwa ameniambia habari ya punje zake mara nyingi, lakini siku hiyo kichwa changu kilikuwa kwenye sufuria, kwamba maharage hayatoshi. Nikayamwaga yote kwenye upande wa kanga, nikateremka jikoni. Nikayachambua, ile nyeusi nikaitupa pembeni kama inavyotupwa, nyingine nikazitia motoni.

Mvua ikashuka. Watoto wakatoka pangoni mbio, wengine kwenye basi, wengine bomani. Mzee Longinus akatoka, akakuta bakuli tupu na watoto watatu wamesimama wanasema, "Babu, maharage yetu hatuyaoni." Mwalimu akahesabu, akapata thelathini. Mzee hakusubiri. Akarudi ndani na tochi yake, maji yakiwa yameanza kupita chini. Kwenye chumba cha tatu kuna shimo, na maji yakiwepo halionekani. Mguu wake ukatumbukia humo.

Yule mtoto wa thelathini na moja alikuwa jikoni kwangu. Alikuja kuota moto, amekaa kwenye kigoda, anatazama sufuria ikichemka.

Mzee walimtoa baada ya muda wa saa tatu, gizani na majini, na hakuna aliyekumbuka shimo lilikuwa upande gani. Nilipokwenda kumwona hospitali nilikuwa nalia, yeye akaniuliza, "Mama Esteri, yaliiva?" Kwenye taarifa aliandika kwamba aliteleza kwa uzembe wake. Akapewa barua ya onyo, akaikunja akaitia mfukoni, na jina langu halikutajwa. Uzembe ulikuwa wa jikoni. Naomba kila aliyeshika karatasi hii ajue hivyo.

Mguu haukupona. Hakuingia tena pangoni, alikaa mlangoni na bakuli lake, na wageni wakaishia chumba cha pili. Sasa barua imetoka kwamba chumba cha tatu kifunguliwe, na kazi amepewa binti yangu Esteri. Mzee amemfundisha mengi kwa mdomo. Lakini habari ya shimo alisema, "Hilo nitakuonyesha kwa mguu wangu, mguu ukipona." Alhamisi hii Esteri anaingiza shule yake ya kwanza. Namwambia aishie cha pili, ananijibu, "Mama, nitaanzaje kazi kwa kukataa?" Na mvua hii haikatiki.

Mzee Longinus, kituo chote kinakushukuru kwa miaka yako, kwa watoto wote uliowaingiza ukawatoa. Mungu akupe siku za kupumzika, na Mama Ernesta akae nawe muda mrefu.

Ile punje nyeusi niliiokota siku ya tatu nilipofagia. Nimeifunga kwenye ncha ya kanga tangu siku hiyo, sikujua niipeleke wapi. Leo Pasikali anakuletea, imo ndani ya bahasha hii. Ichukue kwa mkono wako mwenyewe, maana hukuitoa bakulini. Umetoka, Mzee wangu.

Punje za Alhamisi nimezihesabu mara tatu na nimezifunika. Mkono wangu hautagusa tena bakuli lile. Ya Esteri itawekwa mwisho kama yako. Tafadhali mwambie Pasikali atuandikie, hata kwa penseli: shimo liko mkono wa kulia au wa kushoto, na ni hatua ngapi kutoka mlangoni. Tuma neno upesi, kabla ya Alhamisi asubuhi. Nitakuwa nimesimama barabarani.

Mama Esteri, jikoni